Karani wa Itungi na Boti ya Tatu

Karani alikufa saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa nne na dakika kumi na mbili, akiwa maiti vile vile, akaandika.

Mwenye haraka ya kucheka asubiri kidogo. Karani huyo hakuwa mla ugali. Ilikuwa ni programu iliyopandikizwa ndani ya kompyuta ya Mzee Hezroni, bandarini Itungi, mwaka ule wa tisini na nane, wakati ruksa ya biashara imeshatolewa na kila mwenye ubavu ananunua kakao, ananunua mpunga, ananunua na boti ya kubebea. Hezroni alinunua tatu. Kompyuta na mlingoti wa redio aliviokota kwa wazungu wa utafiti wa samaki walipofunga virago. Kila boti ilikuwa na kisanduku cheusi kinachojua kilipo ziwani, na kila baada ya nusu saa kisanduku kilituma habari zake hewani. Karani akazipokea, akaziandika kwa printa kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni: saa, jina la boti, na umbali wake kutoka mlingotini. Hiyo ndiyo kazi yake tu, kuandika anachosikia. Watu wa bandarini walimwamini kuliko wanavyomwamini mwenyekiti wa kijiji.

Shida ilianza juzi yake. Boti ya tatu ilikuwa imekaa nchi kavu majuma matatu, ikizibwa na kupakwa rangi. Iliposhushwa majini kwenda Manda, ikabidi iingizwe upya kwenye orodha ya maagizo ya karani, halafu karani aambiwe: soma upya. Akaanza kusoma, akafa. Wakamwasha kutoka mwanzo, kazi ya robo saa nzima kwa mashine kongwe ile. Akaamka, akaandika habari za Tumaini, akaandika habari za Neema, lakini boti ya tatu hakuitaja. Wakamwambia tena asome upya, akafa tena. Na ndani ya boti hiyo ya tatu walikuwamo abiria arobaini na wawili, na nahodha wao Ipyana, mume wa Sekela, mwenye kazi ya redio na orodha pale ofisini, aliyekuwa mbele ya mashine hiyo akibonyeza redio tangu alfajiri, akiita namba tatu, namba tatu, na kujibiwa na mchakacho wa maji.

Ndipo akaitwa Leonce kutoka Mbeya. Leonce alikuwa mtoto wa Muleba, na mnawajua watu wa kule: fundi wa Kihaya akikwambia kitu kimemshinda, mpeleke hospitali, anaumwa. Alishuka kwenye gari na disketi zake katika bati la biskuti, akasalimiwa ugonile ya Kinyakyusa, akaitikia kwa Kiswahili kirefu, akasema mashine ya kumshinda haijazaliwa. Akaketi. Akamwambia karani asome upya ili auone ugonjwa kwa macho yake. Karani akaandika *Ninasoma maagizo upya*, akanyamaza. Leonce akachungulia matumbo ya kompyuta: karani hayumo, amekufa kabisa.

Dakika mbili baadaye printa ikalia. Krrr. Kichwa chake kikaenda kulia, kikarudi.

Mstari ulikuwa na saa. Mahali pa jina palikuwa patupu. Umbali: kilomita 61.

Sekela aliufunika mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka. Ndiyo yeye, alisema, ndiyo namba tatu, wanarudi. Leonce hakutaka kumwambia kwamba hakukuwa na mtu ndani ya kompyuta wa kuandika mstari ule. Alijisemea kwamba printa huwa na kumbukumbu yake ndogo, labda ulikuwa mstari uliokwama. Lakini karatasi ilikuwa imelowa pale palipoandikwa, na alipoigusa, kidole kilirudi na harufu ya tope la chini, lile ambalo nanga huja nalo.

Nje, mvua ya masika ya Kyela ilikuwa inamwagika kama imesukumwa. Mara vikasikika vikohozi viwili vifupi barazani, na Sekela akafanya jambo lililomshangaza Leonce: akajitupa chini ya meza, akavuta khanga usoni. Mzee Hezroni akapita upande wa pili wa ukuta bila kuchungulia, akasema kwa sauti ya kuuambia ukuta kwamba fundi amuulize huyo aliyeko ndani kama kuna habari ya boti. Sekela akajibu kutoka chini ya meza kwamba fundi amwambie huyo aliyeko nje kuwa wako kilomita sitini na moja. Leonce akafikisha salamu huku na huku, umbali wa hatua tatu, akiamini kabisa kwamba hawa wamegombana. Hakuuliza. Ugomvi wa watu si waya, hauungwi na mgeni.

Akarudi kazini. Akamwasha karani kutoka mwanzo, akasubiri robo saa, akaangalia kama daftari limejaa: halijajaa. Akaangalia kama karani ana ruhusa ya kuandika: anayo. Akaangalia kama wako makarani wawili wanaogombea kalamu moja: hapana, yumo mmoja tu. Akamfuta, akampandikiza mpya kutoka kwenye disketi. Akamwambia asome upya. Akafa, na yeye.

Krrr.

Jina, patupu. Umbali: kilomita 44.

Safari hii Sekela hakulia kwa furaha. Alikuwa mke wa nahodha, hesabu ya maji aliijua. Aliutazama mstari wa kwanza, akautazama wa pili, akasema taratibu, "Fundi, boti ya Ipyana haikimbii kilomita kumi na saba kwa nusu saa. Hata gari la Kasumulu halikimbii hivyo kwa barabara hii."

Leonce akasema huenda kisanduku kimekosea. Alisema huku akisogeza kiti chake mbali kidogo na printa.

Sasa ikabaki njia moja, njia ya mafundi wote duniani, ya kugawa ugonjwa katikati. Alikata orodha ya maagizo nusu, akamwacha karani na nusu ya juu peke yake, akamwambia asome upya, na karani akasoma vizuri, hakufa. Akamwekea nusu ya chini, ile yenye majina ya boti. Akafa, na printa ikalia karani akiwa maiti vile vile, kilomita 23, na harufu ya tope ikaacha kuwa ya karatasi ikawa ya chumba. Hapo Leonce akaelewa jambo ambalo hakulitamka, kwamba kila anapomuua karani ili autafute ugonjwa, kuna kitu kinapata nafasi ya kupita, kinasogea, na kwamba akiacha kutafuta, boti haitaandikwa, na akiendelea kutafuta atakuwa anakivuta kwa kamba kile kinachokuja. Sekela naye alikuwa ameshaelewa. Alimtazama, akasema endelea. Mume wangu yuko huko, endelea.

Akaendelea. Akaitoa Tumaini na Neema, akaacha mstari wa tatu peke yake. Karani alikufa kabla hajamaliza kusema anasoma. Kilomita 9. Maji yalikuwa yanachuruzika sasa kutoka ndani ya printa, polepole, meusi, yakifuata mguu wa meza, na juu ya maji hayo walikuwa wanaelea wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda mawingu mawingu kama moshi wakati wa joto, ila hawa walikuwa wamekufa muda mrefu.

Leonce akausogelea mstari wa tatu kwa macho. Namba ilikuwepo, tatu. Baada ya namba, mahali pa jina, hakukuwa na kitu. Nafasi nyeupe.

Akacheka kwa kuhema. Ugonjwa ndio huo. Karani akiwashwa kutoka mwanzo, mstari usio na jina anauruka. Lakini akiambiwa asome upya huwa anayalinganisha majina ya zamani na mapya, moja kwa moja, na akifika mahali pasipo na jina hana cha kushika, anaanguka. Akamgeukia Sekela, akamuuliza boti inaitwaje.

Sekela akainamisha macho.

Akamuuliza tena. Sekela akavuta khanga kichwani, akasema namba tatu. Leonce akasema jina, mama, jina lililoandikwa ubavuni. Sekela akasema ni boti ya mume wake. Leonce, ambaye uvumilivu wake wote ulikuwa umeshaishia kilomita ishirini na tatu, akapiga meza.

Cheko likatoka barazani. Alikuwa bibi Veronika, Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi, aliyejibanza pale kukwepa mvua na vyungu vyake viwili asivyoviuza. Bandarini walimwendea kwa vyungu, na wengine walimwendea kwa mambo mengine wasiyoyasema wakiwa na watu. Alimwambia Leonce asimsumbue binti wa watu. Boti ile, ilipopakwa rangi, Mzee Hezroni ameibandika jina la kaka yake marehemu, baba mzazi wa Ipyana, na mke wa Kinyakyusa aliyelelewa hamtaji baba mkwe wake, hatazamani naye, hapiti alipopita; wala ndugu wa baba mkwe, ndiyo maana umemwona chini ya meza. Wengi siku hizi wameacha, wamesoma, wameokoka. Huyu hajaacha. Utamwambia aandike jina hilo kwa vidole vyake?

"Anaitwa nani?" Leonce akauliza.

"Anyosisye," akasema bibi, na chini ya khanga Sekela akaziba masikio. "Lakini ngoja kwanza, fundi. Pale pasipo na jina mmeweka kiti siku tatu hamkusema ni cha nani, na ziwani humu wamo wasiokuwa na jina, wanatafuta. Kiti hicho kina mtu. Sasa hivi ukiandika, utakuwa unamwandikia nani?"

Leonce alisema mashine ya kumshinda haijazaliwa, na kweli haikumshinda. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika herufi ya mwisho. Akamwambia karani asome upya. *Ninasoma maagizo upya. Nimemaliza.* Karani mzima, hajafa, anahema. Leonce akainua mikono yote miwili kama aliyefunga goli, na printa ikalia.

Jina: ANYOSISYE. Umbali: mita 300.

Alisubiri ikae nusu saa kama ilivyo kawaida ya visanduku. Haikukaa dakika. Mita 210. Mita 150. Na kwenye redio ule mchakacho wa maji ukakatika ghafla, ukabaki ukimya mtupu, kwa sababu aliyekuwa akiyavuruga maji huko alikuwa ameshatoka majini, anakuja kwa nchi kavu, na Leonce kwa vidole vyake mwenyewe alikuwa amempa jina la kuingilia, na watu arobaini na wawili wa botini amewaacha huko nje bila hata nafasi ile nyeupe waliyokuwa nayo.

Mita 60. Mzee Hezroni, aliyekuwa gatini akiangalia ziwa, akaja mbio chini ya mvua, mtu mzima mwenye heshima zake na kiatu kimoja, akasimama barazani bila kukohoa, akasahau kabisa kwamba mke wa mwana yuko ndani.

"Nimemsikia," alinong'ona. "Anapanda kutoka majini, anakohoa. Kikohozi cha kaka."

Na wote wakakisikia. Mara mbili, kifupi, kikavu, kama mzee mwenye adabu anavyokohoa akikaribia nyumba ya mwanawe ili mkwe ajifiche. Tena mara mbili, karibu zaidi. Na kati ya kikohozi na kikohozi mlikuwa na mlio wa kitu kilicholowa kinachokanyaga, si kwa haraka, kitu kinachojifunza kutembea huku kikitembea, na harufu ya tope ikaingia kabla yake ikajaza mdomo wa kila mtu hata wakawa wanaimeza, na mvua iliyokuwa inapiga bati kwa nguvu tangu asubuhi ikawa haipigi juu ya ofisi ile, inapiga pande zote isipokuwa pale, na printa ikaandika mita 15, mita 11, mita 9, mistari ikipandana, maji meusi yakimwagika juu ya miguu ya Leonce naye akijua kwamba kikiingia ndani ya jina hili na ndani ya nyumba hii hakitakuwa tena kitu cha kutafutwa, kitakuwa ni mwenyeji.

Bibi Veronika alikuwa amevibana vyungu vyake kifuani. Alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba yule si Anyosisye. Anyosisye amelala kijijini Ndandalo, amezikwa na nyimbo, ameliliwa, hana shida na mtu. Huyu ni mwizi. Lakini ameliiba jina, na jina la mtu huja na miiko yake.

Sekela alikuwa chini ya meza. Akaondoa mikono masikioni. Alikaa hivyo kwa muda wa kikohozi kimoja.

Halafu akatoka. Alitoka akiwa ameinama, kisha akasimama wima, akaivua khanga kichwani akaiacha ikaanguka majini, akampita Mzee Hezroni bega kwa bega naye mzee akageuza uso ukutani kwa aibu na woga vikiwa pamoja, akaenda akasimama katikati ya mlango, kichwa wazi, macho yakitazama mbele yale yasiyopaswa kutazamwa.

"Baba mkwe," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi hapa, Sekela. Mke wa mwanao. Nakutazama."

Kikohozi kikakatika nusu.

Leonce hakuona alichokiona Sekela, na Sekela mpaka leo hajamsimulia mtu, ila Leonce aliona tope la barazani likiandikwa nyayo, na nyayo hizo zilikuwa zinaelekea mlangoni, kisha visigino vikageuka. Sekela akatoa mguu. Akateremka ngazi. Akawa anatembea kwenye mvua kuelekea majini, polepole, hapepesi macho, kama mtu anayeswaga ng'ombe asiyemwamini, na kila hatua aliyopiga kitu kile kilirudi nyuma hatua moja, kikikohoa kwa fadhaa, kikimkwepa kama baba mkwe wa kweli anavyomkwepa mkwe aliyekosa adabu, na ndani Leonce alikuwa anasoma kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza: kumi na nne. Ishirini na mbili. Thelathini na moja. Arobaini.

Alisimama pale mawimbi yalipomgusa magoti. Mbele yake ndipo penye kina, na yeye haogelei.

Arobaini. Arobaini.

Redio ikapasuka kwa sauti ya mwanamume. Alikuwa Ipyana, amekasirika, sauti imekauka, akiuliza kuna nini ofisini, wanaita tangu asubuhi hawajibiwi, anaiona bandari mbele yake kwa muda wa saa nne nzima na kila akiikaribia inasogea, abiria wanalia, na sasa hivi tu imetulia. Yuko kilomita sita. Leonce aliishika redio kwa mikono miwili. Alimwambia aje, asizime injini, aje.

Walifika wote arobaini na wawili na nahodha wao. Sekela hakugeuka kuwapokea. Alimsikia mume wake akishuka gatini, akamsikia akiita jina lake, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuza kichwa, na Ipyana akaja akaushika.

Jina lile lilifutwa ubavuni kwa rangi nyeupe siku ile ile, na boti ikaitwa Ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa. Leonce akaliandika mwenyewe kwenye orodha, akamwambia karani asome upya mara kumi, na mara kumi karani akasoma akamaliza mzima. Majina matatu, mistari mitatu. Na chini ya mitatu hiyo, kila nusu saa, wa nne ambao hakuna orodha iliyouagiza: ANYOSISYE, mita 40. Aliukata, ukarudi. Alimpandikiza karani mwingine, na huyo akauandika vile vile. Ugonjwa aliouweka kwa mkono wake haukuwa tena ndani ya mashine.

Bibi Veronika alisema hautoki, ila unazuilika. Kwa hiyo Sekela akahamishia kazi yake mlangoni. Redio ilivutiwa waya mrefu, akawekewa kigoda kizingitini, akakaa akilitazama ziwa kichwa wazi kuanzia asubuhi. Akapewa na nyumba papo hapo, dirisha la chumbani likielekea majini. Mzee Hezroni akaacha kukohoa akipita. Alisema kikohozi chenyewe kimemchukiza. Watu wa Kyela mjini walimsema mwanamke yule kwamba hana haya. Abiria wa boti hawakumsema. Walipita karibu naye wakashusha sauti, na wengine walimwekea ndizi au samaki pembeni ya kigoda, naye hakutazama nani ameweka.

Mwezi wa saba Leonce alirudi kukagua mashine. Alikuta kigoda hakina mtu. Mama yake Sekela alikuwa amefariki Ndandalo usiku wa kuamkia siku ile, na mtoto gani atakatazwa kumzika mama yake. Alikuwa ameondoka alfajiri na Ipyana kwa baiskeli, akaahidi kurudi kabla jua halijazama, na Mzee Hezroni naye ameenda msibani. Ofisi ilikuwa na karani peke yake. Jua lilikuwa kali, ziwa limetulia kama sahani, watoto wanafua nguo kule ng'ambo ya gati.

Printa ikalia. Tumaini, kilomita 18. Neema, kilomita 30. Ndaga, gatini.

ANYOSISYE, mita 39.

Leonce aliusoma mstari ule mara mbili, akatazama saa, ilikuwa haijafika saa sita. Akautazama mlango. Halafu fundi yule, ambaye mashine ya kumshinda haikuwa imezaliwa, akakivuta kigoda mpaka katikati ya kizingiti, akaketi, akakaza macho ziwani, huku akijua vizuri kabisa kwamba yeye si mkwe wa mtu yeyote.